Gari la Baba, Kinundu kwa Sentimita Kumi

Bondeni,
S.L.P. 41,
Msambweni.

Jumapili, 15 Februari 2026.
Asubuhi: joto tangu alfajiri, mawingu membamba upande wa bara, upepo kidogo. Mvua hakuna.

Mpendwa mdogo wangu Swabir,

Assalaam alaykum. Kabla ya lolote nataka kujua hali yako. Lile goti lililokuwa likikusumbua kwenye ngazi za bandarini limepoa? Unakula chakula cha kushiba, au bado ni mkate na chai mpaka jioni? Mama huniuliza hayo kila siku baada ya swala ya alasiri, utadhani mimi ndiye ninayekupikia huko Maskati.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Presha ya Mama imeshuka na siku hizi anakunywa dawa bila kugombezwa. Sumaiya wangu yuko shuleni bwenini, ameandika barua moja tangu muhula uanze, nayo ilikuwa ya kuomba sabuni. Mimi bado niko stoo ya hoteli pale Galu, naandika kinachoingia na kinachotoka. Wiki hii mwezi utaandama, kwa hivyo nakutakia Ramadhani njema mapema.

Barua hii umeletewa na Ubeid, mtoto wa jirani, pamoja na mfuko wa kitambaa ulioshonwa mdomo. Nakuomba usiufungue mfuko mpaka umalize kusoma.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Tarehe 11 Januari uliniambia kwa simu kwamba gari la Baba liuzwe kwa yule mfanyabiashara wa mawe wa Ukunda. Ulisema, "Dada, lile ni chuma tu, linaota kutu." Nikakujibu kwamba nitafikiri. Leo ni siku ya thelathini na tano, nimemaliza kufikiri, na jibu langu ni kwamba lisiuzwe. Kadhi aliposimamia mirathi, fungu lako katika gari lilikuwa kubwa kuliko langu na la Hafswa, sisi dada zako, wala sibishani na hilo. Bila neno lako siwezi kulikata wala kulichomelea hata msumari. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Hafswa ana mimba ya miezi saba. Hukuambiwa kwa sababu Mama hakutaka habari ya mimba ipite kwenye simu kabla haijakomaa, na kwa sababu ya yale ya mwaka jana. Anatarajia kujifungua karibu na tarehe 20 Aprili. Wewe umekulia hapa, unajua mwezi wa Aprili barabara yetu inakuwaje pale kwenye korongo.

Yale ya mwaka jana ulisimuliwa kwa maneno mafupi. Nitakueleza mara moja tu. Ijumaa tarehe 9 Mei gari la wagonjwa lilifika ng'ambo ya korongo, maji yakalizuia. Tukaazima pikapu ya jirani. Machela ilikuwa ndefu kuliko bodi, kwa hivyo mlango wa nyuma ulibaki wazi na miguu ya Hafswa ikachomoza nje, tumeifunga machela kwa kamba ya mbuzi. Juu yake tuliweka turubai. Mimi nilipiga magoti nyuma nikiishika ile ncha isiteleze, mvua yote ikitunyeshea. Tulikwama mara mbili. Mtoto alikuwa wa kike, na alizaliwa akiwa kimya. Siku hiyo gari la Baba, lile lililokuwa likivuka korongo mvua inyeshe isinyeshe, lilikuwa chini ya banda la makuti, betri imekufa, ufunguo umo kwenye sanduku lako. Sikulaumu. Mimi nilikuwa nalipita gari hilo kila asubuhi nikienda kazini na sikuwahi kuuliza ufunguo.

Sasa Hafswa amesema hapandishwi tena nyuma ya gari. Atajifungulia nyumbani. Sista Caroline wa zahanati amemweleza kwamba kwa yaliyompata hafai kujaribu hilo, na Hafswa anamsikiliza kwa adabu, anamshukuru, kisha anarudi kusema lile lile. Mama amelia mbele yake. Mumewe amenyamaza. Mimi sikulia wala sikunyamaza. Nilichukua futi ya fundi nikaenda bandani.

Unamkumbuka Chome, utingo wa Baba. Sasa ana karakana yake Ukunda, anachomelea mageti na anafufua magari ya zamani. Mama alifungua sanduku lako, nami nakuomba radhi kwa hilo, akanipa ufunguo. Chome alibadili betri na klachi, na tarehe 24 Januari gari liliunguruma. Kuku wote wa Bondeni walikimbia. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama tu pale.

Lakini gari kuunguruma si sawa na gari kubeba mgonjwa. Chome hufanya kazi kwa jicho, akiona pamekaa vibaya anakata tena. Kwa geti, sawa. Kwa gari la Baba, chuma kikikatwa kimekatwa. Nilijaribu kumchorea, akageuza karatasi mara tatu akaniuliza juu ni wapi. Ndipo nikakumbuka lile boksi ulilomletea Sumaiya mwaka juzi, la matofali madogo ya plastiki ya kuunda gari la kwenda porini, lenye bodi wazi nyuma, karibu umbo lile lile la gari la Baba. Tofali ukikosea unalibandua.

Kila siku nikirudi kazini nilikaa barazani baina ya alasiri na magharibi na kuunda. Mtu akipita alikuwa na la kusema. "Mwanasha, umerudi utotoni?" "Mwanasha, hilo gari likiisha utatupeleka Kwale?" Niliitikia salamu na kuendelea.

Mwanzo niliunda kama kijitabu kilivyoelekeza, ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Chome alipokuja kuona alichutama, akalizungushia macho, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo.

"Mwanasha, dereva wako amekaa kwenye kiti changu! Mimi niende wapi, nikapande juu ya magunia?"

Nilitazama. Kijitabu kimetoka kwa watu wanaoendesha upande wa pili wa barabara, na usukani ulikuwa kushoto. Nikamwambia ni usukani tu, nitauhamisha.

"Usukani tu? Niletee hivi hivi, nami nitapitisha ekzosi chini ya kichwa cha mgonjwa nikidhani ni upande wa dereva. Pima gari la babako, bibi, usipime kitabu."

Alikuwa na haki. Niliibomoa sehemu yote ya mbele, pamoja na vile vigurudumu vya meno vinavyogeuza matairi, ambavyo vilinichukua jioni nne kuviweka. Kuhamishia kila kitu kulia kulinichukua jioni tano, kwa sababu hapakuwa na kijitabu cha kunielekeza. Kuanzia hapo kijitabu nilikiweka chini ya godoro na sijakigusa.

Kipimo nilichochagua ni rahisi. Vile vinundu vilivyo juu ya matofali, kimoja ni sawa na sentimita kumi za gari lenyewe. Bodi ya Baba kwa ndani ina urefu wa mita moja na themanini, basi vinundu kumi na vinane. Upana ni vinundu kumi na vinne. Pale bati linapopanda juu ya magurudumu hupotea vinundu viwili kila upande. Matofali ya boksi hayakutosha, lakini hotelini kulikuwa na mfuko mzima ulioachwa na wageni wa nyumba ndogo tangu mwaka juzi na haukudaiwa. Niliandika barua kwa meneja, akatia sahihi, nikajitolea hati ya kuchukua mali kutoka stoo yangu mwenyewe. Kwa hivyo usishangae rangi. Boneti ni ya njano, mlango mmoja mwekundu, mwingine kijani. Baba angekasirika.

Tarehe 31 Januari nilikwenda zahanati kupima machela. Sista Caroline alikuwa na foleni ya akina mama mpaka nje. "Pima tu dada, lakini uirudishe hapo hapo, leo ni kliniki. Na huyo Hafswa mwambie hiyo mambo ya kuzalia home aisahau kabisa. Uchungu ukianza tu, mnaleta."

Mita moja na tisini. Vinundu kumi na tisa ndani ya bodi ya vinundu kumi na vinane. Niliunda machela ndogo, nikailaza, na ncha yake ikachomoza nje kinundu kimoja. Swabir, niliitazama ile ncha kwa muda mrefu. Niliijua. Ndiyo niliyokuwa nimeishika kwa mikono miwili tarehe 9 Mei.

Niliirefusha bodi kwa nyuma vinundu vitatu, mahali pa ule mlango unaoanguka nikaweka milango miwili inayofunguka kama kabati. Chome alipima chini ya gari akasema springi zitabeba. Machela ikakaa katikati, milango ikafunga, na pembeni nikaweka kiti kimoja cha msindikizaji. Niliona nimemaliza. Nikamwita Bi Mwanafatuma.

Bi Mwanafatuma sasa hazalishi tena, anawasindikiza wazazi hospitali na kukaa nao mpaka mwisho. Wewe na mimi na Hafswa tumepitia mikononi mwake. Alikaa, akavaa miwani, akaangalia kwa utaratibu.

"Huyu aliyelala ndiye Hafswa?"

"Ndiye, Bi."

"Na hiki kiti?"

"Chako."

"Na mamako?"

"Atakaa mbele kwa Chome."

"Akae mbele na mwanamume apige gumzo, na mwanawe analia nyuma? Na wewe je, utabaki nyumbani ukiandika daftari lako? Na kapu la nguo, na maji, na uji wa mzazi, vitakwenda kwa miguu?"

Alikuwa akibangua korosho. Akachukua tatu kutoka kwenye ungo akazipanga ndani ya bodi yangu, moja moja. Hii yeye, hii Mama, hii mimi. Zikaanguka zote juu ya mgonjwa. Akanirudishia gari. "Nywele zaingia mvi na bado hujui watu wenda kuzaa vipi. Panga tena."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilipima gari, nilipima machela, watu sikuwapima. Kwetu nani aliwahi kumpeleka mzazi hospitali kwa mtu mmoja? Hata yule jirani asiyesemeshana na sisi alikuja kushika taa mwaka jana. Na mimi mtunza stoo, ninayejua idadi ya vijiko vya hoteli nzima, nilimwekea Hafswa kiti kimoja.

Basi nilibomoa tena. Machela nimeisukuma kushoto kabisa na kuiinua juu ya miguu ya chuma ipite juu ya lile bati la gurudumu, na chini yake pakapatikana nafasi ya kapu na dumu la maji. Upande wa kulia, juu ya bati la gurudumu la pili, nimeweka benchi refu. Korosho tatu zinakaa bila kubanana, na ya nne ikija haifukuzwi. Magoti yana nafasi ya sentimita arobaini.

Tarehe 8 Februari nililijaribu. Nyuma ya nyumba nilichimba korongo dogo, nikamwaga maji, nikalivuta gari kwa uzi. Likapinduka. Paa nililolijenga kwa matofali lilikuwa zito, na machela iko juu. Nilianza kukusanya korosho matopeni na Mama akiniangalia dirishani. Nikaondoa paa, nikaweka fremu nyembamba na kipande cha leso kuukuu mahali pa turubai, na machela nikaishusha kinundu kimoja. Nikavuta tena. Lilivuka mara kumi na moja na hakuna korosho iliyoanguka. Chome naye ameona, amekubali turubai badala ya bati alilokuwa amekwisha kuliagiza, ingawa alinung'unika.

Muda wote huo Hafswa hakulitazama. Akipita barazani alivuta leso mpaka usoni. Sikumwita. Nilijua nikimwita ataondoka.

Alhamisi iliyopita, tarehe 12, alikuja mwenyewe akakaa kwenye mkeka, mgongo ukutani kwa sababu ya tumbo. Kuhusu vyuma na springi hakuuliza.

"Kichwa changu kiko upande gani?"

"Upande wa mbele."

"Nikilala hivi naona nini?"

Nikainama kuangalia. Nikamwambia ataona turubai, na pembeni ubavu wa bodi.

"Mwaka jana niliona turubai tu," akasema. "Nilikuwa nawauliza tumefika wapi, na nyote mwaniambia karibu, karibu. Sikujua kama tumevuka au bado. Nilidhani tumevuka. Nikajikaza nikidhani tumevuka."

Hakulia. Alitia ukucha kwenye ubavu wa gari, pale pembeni mwa kichwa cha yule aliyelala, akabandua tofali moja jeupe. Pakabaki tundu. Akaweka jicho akachungulia, akaona uwanja wetu na mnazi wa Mama.

"Hapa nione nje. Nikiona minazi yapita nitajua nilipo. Likiwa na hili, nitapanda."

Akalifunga lile tofali katika pindo la leso yake, akainuka akaenda kulala. Sijaliomba, na sitaliomba.

Swabir, nilipoanza nilidhani nafanya hesabu ya chuma. Sasa unaona nilichokuwa natafuta. Neno "nitapanda" sikulisikia kwa Mama, wala kwa Sista, wala kwa mumewe, wala kwangu. Limetoka kwa Hafswa mwenyewe, na limefungwa kwenye gari hili, si gari jingine. Ukiliuza, sina la kumwambia, na naogopa atakuwa na haki ya kutonisikiliza.

Najua una mipango na ile bei. Sikuombi uipoteze bure. Lile fungu langu la minazi kule chini, lichukue, niandikie tu nami nitaweka sahihi mbele ya Mama na kadhi. Minazi haitavuka korongo mwezi wa Aprili. Na baada ya Hafswa kujifungua salama, inshallah, gari halitalala bandani tena. Akina mama wa Bondeni watalitumia, na Chome ameahidi kuliendesha. Hilo nimeshaliuliza.

Jibu nalihitaji kabla ya Jumapili tarehe 8 Machi. Chome anahitaji wiki tatu kukata na kuchomelea, na mvua haitusubiri.

Ila usinijibu kwa simu, na usinijibu leo. Mfuko aliokuletea Ubeid una gari lote, nimelibomoa na kulipanga katika vifuko ishirini vyenye namba, pamoja na kurasa kumi na mbili za maelekezo kwa mwandiko wangu. Korosho nne nazo zimo, usizile. Jioni ukitoka bandarini kaa chini uliunde kwa mikono yako. Anza na fremu, kifuko namba moja. Usukani ni kulia. Ukifika kifuko cha kumi na sita utaunda machela. Ilaze, funga milango, uone haichomozi. Kisha weka jicho lako kwenye lile tundu. Ukishaona, ndipo uandike jibu, na jibu lolote utakaloandika baada ya hapo nitalipokea kama neno la mtu aliyelijua gari analolisemea.

Mama anakusalimu na anakuombea kila baada ya swala, anasema usilale na feni imekuelekea kifuani. Bi Mwanafatuma anakusalimu na anauliza utaoa lini, kwani anataka kukusindikizia mkeo naye angali na nguvu. Chome anasema shikamoo zako ulizokuwa humpi utotoni anazidai zote. Hafswa hakutuma salamu kwa mdomo, lakini aliposikia nakuandikia alikuja akasimama nyuma yangu, akaniwekea kikombe cha chai ya tangawizi.

Mwenyezi Mungu akulinde na jua la huko na vyuma vya huko, akulishe halali, akurudishe kwetu ukiwa mzima. Amina.

Mimi dadako, ninayekupenda hata pale nisipokubaliana nawe,

Mwanasha Jumbe

Nimehesabu vipande mara mbili kabla ya kushona mfuko. Kimepungua kimoja, kile kilicho kwenye leso ya Hafswa. Utakapofika pale kwenye ubavu utaliona pengo; usitafute tofali la kulizibia. Sasa ni saa tano na dakika arobaini usiku, nakwenda kulala.